Siku Tatu na Kalamu ya Baba

Wenzangu wa cherehani, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake nilipotelea wapi, na kila mmoja nilimpa kipande chake. Sasa nasikia vipande vinaunganishwa ovyo. Kuna anayesema nilikwenda Dar kufumania. Kuna anayesema nimefungua biashara ya mananasi. Nimeona bora niyaandike yote mara moja, myasome, kisha mniache nishone. Posa ya mwanangu Idrisa mnajua ilivyokwisha, maana pilau mlikula na wengine mkafungasha. Msichokijua ni barua yenyewe ilivyopatikana.

Bagamoyo, nyumbani

Baba yangu, Mzee Rajabu, alikuwa karani maisha yake yote, na barua zote za posa zilizotoka nyumbani kwetu aliziandika yeye. Ya kaka yangu Bakari aliiandika yeye, za binamu zetu vivyo hivyo, hata za majirani ambao wenyewe wana kalamu na macho. Na nyie mnajua, kwetu posa haipelekwi kwa simu. Inaandikwa kwa mkono, inafungwa kwenye leso, wanakabidhiwa washenga. Baba huandika kwa kalamu moja tu, kalamu nyeusi ya wino yenye pete ya dhahabu kwenye mfuniko, aliyoinunua ujanani na ambayo sisi watoto tulikatazwa hata kuipumulia.

Miaka hii vidole vyake vimevimba kwa baridi yabisi. Peni hizi za dukani zinataka kukandamizwa, naye hawezi kukandamiza kitu. Ile ya wino haitaki nguvu. Unaigusisha tu kwenye karatasi, inakwenda. Kwa hiyo ile kalamu ilipogoma, wiki moja kabla ya barua ya Idrisa kwenda Makurunge kwa kina binti anayeposwa, ilikuwa kama mkono wake wenyewe umegoma.

Mimi nilijua mara moja nani kaiharibu. Idrisa ni fundi umeme, na tangu utoto hawezi kuona kitu kizima bila kukifungua. Nikamkalia kooni. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikamwambia na mengine ambayo hayamo kwenye methali. Akanyamaza, akaangalia chini, nami nikauchukua ule unyamavu kuwa ndio ushahidi. Siku tano sikumsemesha ila kumwambia chakula kiko tayari.

Bakari akasema kwa nini tunasumbuka, barua ipigwe kompyuta, Baba atie sahihi. Baba alikuwa amekaa barazani. Akasema, "Haya. Pigeni. Mimi basi nimekwisha." Akaingia chumbani. Jioni ile nilimpelekea uji wa pilipili manga, akaurudisha. Baba yangu kurudisha uji ule sijapata kuona, hata siku tuliyomzika mama. Niliogopa, nawaambia kweli. Wazee kule Makurunge walikuwa wameshaambiwa Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi nikaifunga kalamu kwenye leso, nikaitia kifuani, nikaondoka.

Zinga

Nilikuwa nimesikia kuna fundi saa Zinga ambaye hashindwi na kitu. Nikamkuta kibandani, kijana wa miaka thelathini na kitu, meza imejaa matumbo ya simu. Nikabisha hodi, akaniamkia shikamoo, nikafungua leso.

Akaichukua kwa heshima, sikatai. Akaigeuza, akaipuliza, akaiweka sikioni. Akauona mkono mdogo wa chuma ulioko ubavuni mwake, akaufungua na kuufunga. Kisha akaanza kutafuta kitu kwa kioo chake cha jichoni, juu, chini, kwenye kitako.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Tundu la chaji, mama."

Nikamweleza kuwa hiyo ni kalamu. Akasema kalamu anaijua, lakini hii alidhani ni ile sigara ya kuchaji wanayovuta vijana mjini, na alishangaa mama mtu mzima kama mimi. Akaomba radhi sana. Mimi kicheko kilinibana, lakini hasira nazo zilinibana, nikabaki hivyo hivyo katikati. Alichonisaidia ni kuwa mwalimu wake wa kazi aliwahi kumtajia duka la kalamu mjini, mtaa wa nyuma ya Kisutu, lenye fundi Mhindi aliyefungua kalamu za mawakili na madaktari. Ndiyo nikajua safari yangu haijaanza.

Zinga mpaka Bunju, na mananasi

Pale barabarani ikasimama pikapu iliyosheheni mananasi, dereva akauliza kama naelekea mjini. Alikuwa anaitwa Sefu, mtu wa Kiwangwa, mpole, mwenye kuongea na gari lake kuliko na abiria. Nikakaa mbele naye. Tulikwenda vizuri hadi tunaingia Bunju, tairi la nyuma likapasuka, na la akiba tulipolishusha likawa halina hata pumzi.

"Dada, niangalizie mzigo, naliziba sasa hivi," akasema Sefu, akalipakia tairi kwenye bodaboda, akapotea.

Subira huvuta heri, lakini siku ile kwangu ilivuta wateja. Akasimama mama mmoja na gari lake zuri, akashusha kioo.

"Ya Kiwangwa haya?"

"Mimi abiria tu, mama."

"Haya, basi abiria, unayauzaje?"

Nikamwambia siyauzi. Akadhani ndiyo mbinu yangu ya kupandisha bei, akaongeza. Nikamwambia mwenyewe hayupo. Akaongeza tena. Nyuma yake akasimama mwingine, akauliza kuna nini, akaambiwa kuna mama ana mananasi matamu mpaka anaringa. Baada ya hapo nilishindwa. Nikapanda nyuma ya pikapu, nikajifunga kanga kiunoni, nikauza. Nikajifundisha pale pale kulinusa nanasi kitakoni na kutoa hukumu kana kwamba nimezaliwa shambani. Palipita pia mtu wa kwetu Dunda aliyenitambua, na uvumi wenu wa biashara ulianzia hapo, wala simlaumu.

Sefu aliporudi ilikuwa imepita adhuhuri. Akaangalia nafasi iliyobaki nyuma ya gari, akaniangalia mimi, jasho linanitoka na kisu mkononi. Akauliza kama nina kazi. Nikamwambia ninayo, nashona. Akanilisha wali kwa samaki wa nazi kwa mama mmoja pale pale Bunju, nikala nikiwa nimesimama kwa haraka ya kufika.

Mjini

Kufika nyuma ya Kisutu alasiri imeingia. Mtaa niliupata, mahali pa duka nikaonyeshwa, duka nililikuta limejaa mashela ya maharusi. Binti wa dukani alinipokea kwa bashasha.

"Karibu mama. Unaozesha au unaolewa?"

"Natafuta fundi wa kalamu."

Bashasha ikamwisha. Akaniletea kiti na maji, kama mtu anavyowapa waliochanganyikiwa na jua. Nilikaa, maana miguu ilikuwa haina habari nami tena. Nikaona nitarudi na leso yangu kama nilivyokuja, Bakari apige kompyuta yake, na Baba alale ameugeukia ukuta asubiri siku zake. Machozi yakanitoka katikati ya mashela. Binti masikini akadhani nimemkumbuka marehemu mume wangu, akanipa pole, nami sikuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Muuza kahawa wa kibarazani ndiye aliyeniokoa. Alisikia neno kalamu, akasogea na birika lake.

"Yule mzee alishafariki, Mungu amrehemu. Vyombo vyake karithi bintiye, Bi Zarina. Anakaa Kunduchi, anatengeneza achari."

"Na kalamu?"

"Kalamu anatengeneza akimpenda mtu."

"Kunduchi ndiyo ile niliyoipita leo?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mama. Haijahama."

Nikanywa vikombe vitatu vya kahawa chungu na kashata ya nazi, nikamshukuru, nikageuza nilikotoka. Nililala Tegeta kwa binamu yangu, ambaye alinicheka mpaka akaomba maji.

Kunduchi

Ijumaa asubuhi kila dereva wa bajaji Kunduchi alimjua Bi Zarina wa achari. Nikakuta mwanamke wa umri wangu, miwani imefungwa kamba shingoni, mikono imekuwa ya manjano kwa bizari mpaka kwenye viwiko.

"Karibu dada. Ya embe imekwisha, iko ya ndimu."

Nikafungua leso. Akaenda kunawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaikausha kidole kwa kidole, ndipo akaishika.

"Ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Yeye yuko wapi?"

"Bagamoyo. Hawezi safari."

"Basi mimi siifungui." Akairudisha kwenye leso. "Baba aliniusia, usifungue kalamu kabla hujaujua mkono unaoishika. Nikikosea hapo, nitakutengenezea kalamu nzima ambayo mwenyewe hataweza kuiandikia."

Nusura nimtolee maneno. Safari yote ile, mananasi yote yale, halafu naletewa masharti ya mizimu. Nikashusha pumzi, nikamweleza habari ya vidole, ya barua, ya uji uliorudishwa. Akanisikiliza huku anakata ndimu. Akaniambia nimwonyeshe baba anavyoishika. Nikaishika kama Baba, imelala mbali nyuma ya kidole gumba, mkono umeegemea kushoto. Akauliza kama nina mwandiko wake wowote. Kumbe ninao. Daftari langu la vipimo, mnalijua, juu yake Baba ndiye aliyeniandikia jina, Mwanaidi binti Rajabu, kwa kalamu ile ile.

Akaliangalia jina langu kwa kioo cha kukuzia, kisha akaiangalia nibu, kisha jina tena. Nibu, kwa msiojua, ni kile kiulimi cha dhahabu kinachogusa karatasi.

"Imelika upande wake wa kushoto," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine. "Kwa miaka imejikata kufuata mkono wake. Fundi mwingine angeinyoosha. Sisi hatuigusi. Tutatafuta ugonjwa kwingine."

Akaleta kikausha nywele. Nikadhani ameghairi, anakwenda saluni. Kumbe ni cha kuipasha kalamu joto polepole mpaka ilegee. Akaizungusha, ikatoka vipande viwili. Ndani kuna kifuko cha mpira ambacho hushika wino, ule mkono mdogo wa chuma ukikibana ndipo kinavuta. Cha Baba kilikuwa kimekauka, kinamomonyoka kama gome. Hicho alikuwa nacho kipya. Kile kichwa chenye nibu akakitia kwenye bakuli jeupe la maji ya uvuguvugu, akanipa kisu na ndimu.

"Kata. Kalamu inaoga, sisi tunafanya kazi."

Tukakata. Maji yakawa ya buluu. Akayamwaga, akatia mengine, yakawa ya buluu hafifu. Mara ya tatu yakatoka ya manjano. Nikadhani ni bizari ya mikono yake. Yeye akainama, akanusa, akaniinulia uso.

"Dada, kalamu hii nani aliyeipa zafarani?"

Nikacheka, nikamwambia haiwezekani. Akanisogezea bakuli. Nikanusa mwenyewe. Zafarani na marashi ya waridi, harufu ya sahani ya kombe.

Kombe mnalijua, lakini msimuliaji asiache kitu. Mtu akiugua, aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anayanywa. Huandikwa kwa kijiti chembamba kilichochongwa. Na mwezi uliotangulia mimi nilikuwa na homa ile mliyonitembelea, siku tisa hospitali na nyumbani, dawa zinaingia na kutoka. Siku moja Baba alikuja kitandani na sahani, akaninywesha mwenyewe, mkono unatetemeka, mengine yakamwagika shingoni. Sikujiuliza ameandikaje. Kijiti kile ni chembamba kuliko sindano ya kufumia, na vidole vyake havishiki hata kitasa.

"Aliijaza zafarani," nikasema, nikamwambia Bi Zarina na mimi mwenyewe kwa pamoja. "Aliniandikia kwa hii."

"Kisha akarudishia wino juu yake," akasema, "vikakutana humo ndani vikaganda." Akaniondolea kisu mkononi, kwa sababu nilikuwa nakata hewa.

Nikatoka uani nikampigia Idrisa.

"Idrisa, mwanangu, nisamehe."

"Mama, uko hospitali gani?"

"Siko hospitali. Nakuomba radhi."

"Mama, mpe simu mtu aliye karibu nawe."

Hivyo ndivyo mwanangu anavyonijua. Ilinichukua muda kumshawishi kuwa sifi. Nilipomtajia zafarani akashusha pumzi ndefu.

"Nilijua, Mama. Babu aliniambia siku ile ile ilipogoma. Aliniomba nisikwambie. Alisema ukijua utajiona wewe ndiye uliyeiharibu."

"Nawe ukakubali nikutukane siku tano?"

"Ulikuwa umetoka kuumwa. Nikasema acha apate mazoezi."

Nililia pale uani, nikacheka, nikalia tena, na kuku wa Bi Zarina wakahama. Nilimwonea mwanangu bure, na aliyekuwa na hatia alikuwa amejificha chumbani anarudisha uji. Alijua kilichoiua kalamu tangu mwanzo, na aliona afadhali aonekane amekwisha kuliko mimi nijue.

Kifuko kipya kilibandikwa kwa gundi ambayo haitaki haraka, ingojwe mpaka kesho yake. Nikalala kwa Bi Zarina, tukajaza mitungi ya achari, akanifundisha kuiosha kalamu kwa maji matupu kila mwezi. Alivyoisugua, ile pete ya dhahabu ikaonyesha herufi za jina la Baba ambazo hata mimi nilikuwa sijawahi kuziona. Asubuhi akaijaza wino, akanipa karatasi niijaribu. Nikaandika mstari mmoja, ukakwama mara mbili.

"Inakwama," nikasema.

"Kwako," akasema. "Imekataa mkono wako. Vizuri."

Kunduchi mpaka Bagamoyo

Jumamosi nikarudi kwa basi. Mbele ya Mapinga tulikutana na msafara wa harusi, magari yenye maua yanatambaa, matarumbeta juu ya gari la wazi, na hakuna dereva atakayepiga honi kuharakisha bibi harusi. Tukatambaa nao. Jirani yangu kwenye kiti, mama mnene mchangamfu, akapiga vigelegele mpaka akaugonga mtungi wangu wa achari, ukapasuka mapajani mwangu. Ndimu, pilipili, mafuta, vyote juu ya kanga. Kalamu nilikuwa nimeishika mkononi tangu Kunduchi, haikupata hata tone. Nilishuka Bagamoyo nanuka kama jiko la watu, watu wakanipisha njia.

Nyumbani, Jumapili

Baba hakuuliza nilikuwa wapi. Nilimpa leso, akaifungua, akaiangalia pete iliyosuguliwa, akaifunga tena, akaiweka chini ya mto. Nilihesabu hilo kuwa shukrani.

Jumapili baada ya alfajiri akaniita. Alikuwa ameshavaa kanzu na kofia, amekaa mezani mbele ya karatasi nyeupe.

"Nishikie karatasi," akasema. "Mkono wa kushoto siku hizi nao haunitii."

Akaandika Bismillahi. Kalamu haikukwama. Mkono ulitetemeka, herufi zilitoka na vijimawimbi, lakini zilikuwa zake, na nilimwona akizitazama kama mtu aliyekutana na watoto wake sokoni. Akaandika salamu kwa wazee wa Makurunge. Akapumzika, akajikanda vidole, akaandika mstari. Akapumzika tena. Sebuleni washenga walishafika, Bakari na jirani yetu, wanamaliza vitumbua. Bakari alichungulia mara mbili. Mfukoni mwa kanzu yake niliona ncha ya karatasi iliyopigwa kompyuta, imekunjwa vizuri, inasubiri.

Kwenye mstari unaotaja jina la Idrisa mkono ulisimama. Ukakaa hewani muda mrefu. Nikaona jasho juu ya mdomo wake, nikataka kumwambia Baba inatosha, nikashindwa, na nilichosema ni kile nilichoapa nisiseme.

"Baba. Nimejua habari ya zafarani."

Hakuinua kichwa.

"Ulipona, hukupona?"

"Nilipona, Baba."

"Basi shika karatasi vizuri."

Nikaishika kwa mikono miwili. Akateremsha kalamu, akaandika Idrisa, akaandika jina la baba yake Idrisa, akaandika la binti na la watu wake, hakuruka hata moja. Chini kabisa akatia lake. Kisha akaniambia nikamletee uji.